Farasi wa Nukta Kumi na Tisa

Sinemani kule Dundee, farasi alikuwa mkubwa kuliko ukuta.
Alitoka baharini na ngurumo kwenye manyoya ya shingo,
na Eilidh akanishika mkono, bisi zimemganda mdomoni.

Nyumbani mwetu, kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti,
farasi huyohuyo alikuwa nukta kumi na tisa.
Nilizihesabu mwenyewe. Mkia, nukta mbili.
Jicho hakuwa nalo.

Baba aliletewa kurasa sita za hadithi, ya saba imefutwa kwa wino,
picha moja iliyotiwa ukungu na mashine ya faksi,
na wiki tisa.
Filamu yenyewe hakuonyeshwa.
"Huyu mnyama," aliniuliza mezani, viazi vikipoa,
"unadhani anaruka, au anapaa?"
Nikamwambia anaruka. Nilikuwa na miaka minane.
Kosa hilo ni langu, na sijawahi kumwambia mtu.

Basi akaruka.
Aliruka masanduku msituni,
akaruka masanduku chini ya bahari,
akaruka masanduku mwezini, ambako filamu haikufika,
kwa kuwa bwana Petrie, mwenye kampuni,
alikuwa na mwezi uliobaki kutoka mchezo mwingine
na hakupenda kutupa kitu.
Muziki: sauti nne, zikizunguka kama nzi ndani ya chupa.

Krismasi ikafika. Boksi lilikuwa zuri, lo!
Nje limechorwa povu na radi,
ndani, mbuzi wa kwenye gunia.
Januari, theluji ya uwanja wa shule imegeuka tope,
Struan Geddes aliitoa kaseti mfukoni kama mtu anayetoa jino.
"Bibi yangu aliweka akiba kwa ajili ya hii," alisema.
Hakukasirika. Angekasirika, ningepumua.
Nikautazama ukuta. Jina la baba lilikuwa humo ndani,
baada ya hatua ya mwisho, mahali pasipofikiwa na mtu.

Siku hizi baba anasahau.
Anaweka miwani kwenye friji, ananiita kwa jina la dada yake.
Lakini Jumapili moja, akimenya chungwa, akasema wazi kabisa:
"Hatua ya nne, kwenye maporomoko. Usibonyeze kitu."
"Nisibonyeze kwa muda gani?"
Alikuwa ameshalirudia chungwa lake.

Niliikuta kaseti kwenye duka la mitumba, pauni moja na nusu,
imebandikwa karatasi ya mtoto nisiyemjua: YA MHAIRI, USIGUSE.
Nikatia betri mbili, nikakaa dirishani,
maana kioo kile hakina taa yake, kinaombaomba mchana.
Saa nzima nikaruka masanduku, nikafa, nikarudi, nikafa,
nikimtukana baba kwa mapenzi yote.
Maporomoko: mistari minne ya kijivu ikishuka.
Nikaweka vidole gumba mapajani.

Dakika moja. Mbili. Birika likapiga mluzi, sikuinuka.
Ndipo zile nukta zikaanza kuinama.
Shingo ikashuka, nukta kwa nukta, hadi majini,
na yule farasi asiye na jicho akanywa.
Akanywa taratibu, kana kwamba hakuna sanduku duniani.
Muziki ulikuwa umenyamaza.
Sikujua kwamba ule muziki unaweza kunyamaza.

Nikampelekea. Akatazama kioo, akanitazama mimi.
"Nani katengeneza?"
Nikamwambia.
"Masanduku mengi mno," akasema,
kisha kidole chake kikaanza kutafuta kitufe,
nami nikamshika mkono:
ngoja, ngoja kidogo,
bado anakunywa.